Mistari ya Ba Lahbib

Pale Fez, mtaa wa mafundi ngozi, watu husema fundi huhitaji kumnusa ili umjue. Mpe mkono tu. Mkono wa Ba Lahbib ulikuwa laini kama yai lililochemshwa likamenywa. Usidhani ni ulaini wa mtu aliyelelewa kwa mito na mazulia, la hasha. Ulikuwa ulaini wa jiwe la mtoni ambalo maji yamelipitia mpaka yakalinyoa. Chokaa ndiyo iliyomnyoa. Baba yake alimshusha kwenye shimo la kuloweka ngozi angali mtoto, akamwambia, "Kanyaga, mwanangu. Ngozi haina huruma, na wewe usiihurumie." Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutumbukiza ngozi za mbuzi na kondoo ndani ya chokaa, kuzigeuza, kuzikwangua manyoya, kuzihamishia kwenye maji ya mavi ya njiwa zilainike, kisha kuzianza nyingine. Miguu yake ilikauka, mgongo wake ulipinda kidogo, na ncha za vidole vyake zikawa tupu. Hakuna mstari. Kidole kama kijiko.

Yeye hakuona haya. Alikifanya kichekesho. Siku alipokwenda kutengeneza kitambulisho, yule binti wa mashine alihangaika naye mpaka jasho likamtoka.

"Sogeza kidole, mzee."

"Nimesogeza."

"Sogeza vizuri."

"Binti yangu, nikisogeza zaidi ya hapa kitatokea upande wa pili."

Mashine ikakataa, na Ba Lahbib akarudi nyumbani akimwimbia mkewe, Lalla Ghita, kwamba serikali imemtafuta kwenye vidole vyake haikumpata. Ghita akamjibu hata yeye humtafuta siku ya kubeba mtungi wa gesi na hampati.

Lakini vidole hivyo ndivyo vilivyompa heshima. Zawiya ya mtaa, ile nyumba ya dhikri, ina chetezo na mrashi, vyote vya fedha tupu, kazi ya mafundi wa zamani. Hakuna bi harusi wa mtaa huo aliyetoka kwao bila moshi wa udi kutoka kile chetezo, wala maiti aliyebebwa bila maji ya mawaridi kutoka ule mrashi. Na fedha ina tabia yake: ukiigusa inakusema. Watunzaji wote wa zamani waliisugua, na wote waliiachia alama za vidole, ikawa kama kioo cha dirisha alichochezea mtoto. Ba Lahbib alipopewa kuisugua mara ya kwanza, wazee wa zawiya waliigeuzageuza wasiamini. Iling'aa kama haijapata kuguswa na mwanadamu. Wakamvika shingoni ufunguo wa kabati la kioo linalovihifadhi, kwenye uzi wa ngozi aliousuka mwenyewe, na ukakaa hapo miaka mingi, ukienda naye sokoni, hamamu na kitandani.

Basi kabla ya Ramadhani ya mwaka ninaousimulia, mashimo ya ngozi yakafungwa. Kuta zilikuwa zimepasuka, na mafundi wa ujenzi wakaletwa kuyatengeneza yote tangu mwanzo. Mafundi ngozi wakarudishwa majumbani. Ramadhani ikaja ikapita, Idi Ndogo ikapita, Idi Kubwa nayo ikapita ikiacha ngozi za kondoo zikipelekwa mji mwingine kwenye malori. Ba Lahbib akabaki nyumbani kama mto wa sebuleni.

"Umekaa hapo tangu asubuhi," Ghita alimwambia siku moja. "Nikikufagilia chini utanyanyua miguu, au nikupige brashi na wewe?"

"Mwanamke, mimi ninapumzika."

"Umepumzika mpaka umeota mizizi. Nenda zawiya ukasugue kitu!"

Akaenda. Akawa anakwenda kila siku. Na huko zawiya ndiko alikokutana na Abdennbi, mpiga lipu kutoka Sefrou, mtu mcheshi, mwimbaji, aliyekuwa akitengeneza upya chumba cha kutawadhia na wenzake wawili. Walikuwa wakipiga ile lipu ya chokaa ambayo husuguliwa kwa jiwe la mkononi na sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, ambayo ikiyeyuka huwa kijani, mpaka ukuta ung'ae kama nyama ya embe. Ba Lahbib alimpenda mara moja. Alimletea asubuhi chai ya nanaa na bisara, supu ya maharage makavu ya moto, akaketi naye kando ya ndoo. Kila walipoonana Abdennbi alikuwa na chokaa mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo, kama desturi ya mtu mwenye mikono michafu, alimpa kifundo cha mkono amshike hapo. "Samahani, ami, mikono ni chapati," husema, na wote wawili hucheka.

Kitu kimoja tu kilimkera Ba Lahbib siku hizo. Chetezo kilikuwa kimeanza kuchafuka. Alikisugua jioni, asubuhi akakikuta na madoa ya vidole. Akasugua tena, akakirudisha, akageuka kukitazama mara ya mwisho, doa! Akagombana na mfagiaji. Akagombana na watoto wa madrasa. Akaenda nyumbani akagombana na Ghita pia, ingawa Ghita hakuwahi kulisogelea kabati.

"Nani anashikashika chetezo changu?"

"Majini," Ghita alisema akikanda unga. "Yamesikia unakaa bure, yamekuonea huruma, yamekuletea kazi."

Kisha ikaja ile Ijumaa. Alhamisi usiku kulikuwa na dhikri kama kawaida, Ba Lahbib akawasha mishumaa, akafunga, akaenda kulala. Asubuhi akaja kuchukua chetezo kwa ajili ya akika ya mtoto wa jirani. Kufuli liko mahali pake. Kioo cha mlango kizima. Ndani ya kabati, tupu. Aliingiza mkono akapapasa rafu kama kipofu, maana macho yake aliyaona yanamdanganya.

Muda si muda zawiya ikajaa. Polisi wa mtaa, Boujemaa, kijana mwenye tumbo la mzee, akaja na kisanduku chake, akapuliza unga mweusi juu ya kioo kwa brashi laini kama manyoya ya paka. Watu wote wakasogea. Na ni nani asingesogea? Pale palipokuwa pakavu na peupe, chini kwenye pembe za kioo, zikaanza kutokea alama za vidole, moja baada ya nyingine, kana kwamba mwizi amesimama pale bado na mkono wake unajionyesha taratibu. Lakini Boujemaa akakunja uso.

"Hivi vidole gani? Havina mistari. Kama vya mwanasesere."

Sasa hapa ndipo Ba Lahbib alipofanya lile ambalo Ghita hajamsamehe mpaka leo. Alikuwa na uchungu wa chetezo, alitaka kusaidia, na tena jambo hili alilijua. Akachungulia kioo, akacheka.

"Mwanangu, hicho ni kidole cha fundi ngozi! Chokaa hiyo. Tazama, hata mimi sina." Akanyanyua mikono yake yote miwili juu ya vichwa vya watu.

Mikono ikabaki juu. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Na ufunguo anao nani?"

Ufunguo ulikuwa ukining'inia pale pale kifuani pake, ukicheza.

Abdennbi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Haiwezekani," alisema. "Ba Lahbib ni mtu mwema. Haiwezekani jamani. Mtu mwema sana." Akarudia na kurudia, mpaka ikawa kama anaombea maiti.

Hawakumfunga siku hiyo, kwa ajili ya mvi zake. Walimwambia asitoke mjini, na kwamba wiki ijayo atapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Wazee wa zawiya nao wakasema Ijumaa inayofuata, baada ya sala, watauchukua ufunguo mbele ya watu. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Jela ni ukuta tu, alimwambia mkewe, lakini kuvuliwa ufunguo hadharani ni kuzikwa ukiwa unatazama. Muoka mikate alimpa mkate wake bila salamu. Msikitini, safu zikabana kote, isipokuwa kulia kwake na kushoto kwake.

"Kwa nini ulifungua mdomo?" Ghita alimuuliza huku akilia na kumkaangia yai kwa wakati mmoja.

"Nilisema kweli."

"Kweli nayo ina siku zake! Siku nyingine unaiambia, ngoja hapo mlangoni, nitakuita!"

Jumanne yake akaja mtu kutoka makao makuu. Watu walitegemea mwanamume wa miwani na koti. Akashuka msichana mrefu aliyevaa raba, na mkononi sanduku zito la chuma lililomvuta bega upande mmoja. Inspekta Wiam. Akaomba aonyeshwe kioo, akakikodolea macho muda mrefu, kisha akaomba aletewe mzee.

Kituoni Boujemaa alimzuia kwa adabu. "Dada, usipoteze wino wako. Huyu tulishajaribu mwaka wa vitambulisho. Hana kitu."

"Mwaka wa vitambulisho si leo," Wiam alisema. "Ba Lahbib, nipe mkono wa kulia. Ulegeze. Ulegeze zaidi, usinisaidie. Uache kama si wako."

Akakitia kidole gumba wino mweusi, akakilaza upande mmoja wa karatasi, akakibiringisha polepole mpaka upande wa pili, kama mtu anayekunja mkeka mdogo. Akakinyanyua.

Ba Lahbib alikuwa anatazama dirishani. Alichosikia ni Boujemaa akisema, "Ya Latif!" Akageuka.

Kwenye karatasi palikuwa na mistari. Myembamba, mingi, imejizungusha kama maji yaliyotupiwa jiwe, katikati kijiduara kidogo kama jicho, na pembeni mistari mingine ikija mbio kisha ikikata kona. Alidhani ni kidole cha mtu mwingine. Akatazama kidole chake. Akakisogeza karibu na pua, akakisogeza mbali, macho yake ya uzee yakikataa. Wiam akampa kioo cha kukuzia.

Basi hebu wazia. Mtu ameishi na mkono wake miaka yote hiyo, amekula nao, amefumba nao macho ya baba yake, na hajapata kuuona. Chini ya kile kioo aliona nchi nzima: vilima na mabonde, na juu ya vilima vitundu vidogo mno vya jasho, vimepangwa kama taa za barabarani.

"Hivi ni vyangu?"

"Vyako. Huna mwenzako duniani mwenye hivi, si ndugu, si pacha. Vilikuwepo ukiwa tumboni mwa mama yako."

"Lakini chokaa ilivila."

"Chokaa hula ngozi ya juu, ami. Mistari imechorwa chini. Ukiacha chokaa mwezi, mwezi na nusu, ngozi mpya inapanda, na inapanda na mchoro ule ule. Haikosei hata nukta." Akamfuta wino. "Kazi uliacha lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Basi nauliza: mtu ambaye chokaa hajaigusa tangu kabla ya Ramadhani, Alhamisi iliyopita angewezaje kuacha kidole kitupu kwenye kioo?"

Boujemaa alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa la haki. "Lakini dada, sisi tunaona vidole vya leo. Nani anajua vya Alhamisi? Labda ngozi yake yeye hupanda kwa siku tano. Mwendesha mashtaka ataniuliza hilo hilo."

"Atauliza, na ni lazima aulize," Wiam alisema. "Ba Lahbib, fikiria kwa utulivu. Alhamisi usiku, kabla ya kufunga zawiya, mkono huu uligusa nini? Si kioo, si mbao. Kitu laini. Kitu kilichokuwa laini kisha kikawa kigumu."

Ba Lahbib akafumba macho. Akarudi usiku ule hatua kwa hatua: viatu mlangoni, mazulia, wazee wanaingia, giza. Halafu mkono wake, wenyewe, bila kuuamrisha, ukafanya kitu hewani. Ukashika kisichokuwepo, ukakipitisha juu ya moto usiokuwepo, ukakikandamiza chini kwa gumba.

"Mishumaa," alisema. "Ninayeyusha kitako, ninaubandika, ninabana na gumba usianguke."

Walikwenda zawiya wote watatu, na nusu ya mtaa nyuma yao. Mishumaa ya kijani ya Alhamisi ilikuwa bado pale kwenye sahani yake ya shaba, vipande vilivyosalia, maana tangu wizi ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kufanya dhikri. Wiam alipiga magoti, akamulika tochi kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya nta. Akainama karibu zaidi. Akamkabidhi mzee kile kioo cha kukuzia.

Kwenye nta ya kijani, chini ya kila mshumaa, palikuwa na lile jicho. Lile lile. Na mistari ikija mbio na kukata kona. Mshumaa baada ya mshumaa, gumba lake limesimama pale limenyamaza siku zote hizo likimngojea, wakati watu wanamkwepa msikitini na yeye mwenyewe ameanza kujiuliza kama kweli alifunga mlango. Akaanza kulia bila sauti. Halafu akakumbuka kitu akasimama ghafla.

"Yale madoa! Kwenye chetezo! Nimegombana na watu mtaa mzima!"

"Madoa gani?" Wiam akauliza.

Ghita, aliyekuwa amejipenyeza mbele ya wanaume wote, akapiga kofi. "Nilikwambia majini. Kumbe jini ni wewe!"

Kicheko kilichotoka mle ndani kilikuwa cha kwanza tangu Ijumaa.

Ila kicheko hakirudishi chetezo. Wiam alirudi kwenye kabati, na huku akifanya kazi akazungumza, nadhani kwa sababu alipenda kazi yake na pia kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka kama anauza kitu. Aliwaambia wafinyanzi wa Babeli waliacha vidole vyao kwenye udongo, na mpaka leo unaweza kuweka gumba lako ndani ya gumba la mtu aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita. Aliwaambia Wachina wa kale walibandika vidole kwenye mikataba. Kwamba polisi wa Paris waliwahi kupima wahalifu vichwa, masikio na urefu wa mguu, wakiamini namba hizo hazifanani, mpaka vidole vikawashinda. Kwamba huko Argentina, zaidi ya karne moja iliyopita, jirani mmoja alisingiziwa kuua watoto na akateswa akiri, na aliyemwokoa ni kidole kimoja chenye damu kwenye fremu ya mlango, ambacho hakikuwa chake. "Na Mfaransa mmoja wa Lyon," alimalizia, "alifundisha kwamba ukigusa kitu huondoki mtupu. Unaacha kitu chako, unachukua kitu chake."

"Hata ukigusa hewa?" akauliza mzee mmoja.

"Hewa bado hatujaiweza, baba."

Kisha akawaita waangalie pembe za kioo. "Mwenye ufunguo hufungua hapa, penye kufuli. Huyu alishika chini kabisa, pande mbili. Kwa nini?"

Boujemaa ndiye aliyejibu, na uso wake uling'aa kama wa mwanafunzi. "Aliunyanyua! Aliutoa mlango kwenye bawaba!" Akaushika chini, akausukuma juu, na mlango wote ukachomoka na kufuli lake, ukarudi ulipokuwa kama haukutoka. Zawiya nzima ikashusha pumzi. Ufunguo ulioning'inia miaka yote ile haukuwa ukifunga kitu.

"Na ukinyanyua kitu kizito kwa ncha za vidole," Wiam alisema, "ukingo wa kiganja hulala wapi?" Akapaka unga kwenye mbao iliyopakwa vanishi chini ya kioo, mahali ambapo Boujemaa hakufikiria. Ikatokea alama pana, iliyopinda. Na hiyo ilikuwa na mistari, imejaa, kama shamba lililolimwa. Vidole vimeliwa, kiganja hakikuliwa. Akaubonyeza utepe wa gundi juu ya ile alama ya kidole kitupu, akauondoa na punje zake, akauweka chini ya darubini ndogo aliyoitoa kwenye sanduku. Kila mtu alitaka kuchungulia. Ba Lahbib alichungulia wa kwanza, kwa haki yake.

Aliona mawe meupe, makubwa kama nyumba. Chokaa. Hakuna unywele hata mmoja wa mbuzi, na chokaa ya mafundi ngozi siku zote ina unywele. Badala yake mawe yale yalikuwa yamevaa utando wa kijani unaoteleza.

"Sabuni nyeusi," Wiam alisema polepole. "Ami, ni nani anayechanganya chokaa na sabuni nyeusi?"

Hakuhitaji kujibiwa. Mtaa mzima ulikuwa umesema chokaa ni fundi ngozi, kwa sababu tangu mababu ilikuwa hivyo, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka huu mafundi ngozi wako nyumbani wanakunywa chai, na chokaa iko mikononi mwa watu wengine. Hata Ba Lahbib mwenyewe hakukumbuka, na chai alikuwa akiipeleka yeye.

Wapiga lipu waliitwa kutoka chumba cha kutawadhia. Abdennbi alikuja wa mwisho. Akamwona Ba Lahbib, akatabasamu, akanyoosha kifundo cha mkono kama kawaida. "Samahani, ami, mikono..."

Ba Lahbib hakushika kifundo. Alipeleka mkono wake chini zaidi, akaukamata mkono wenyewe na chokaa yake, akazipapasa ncha za vidole kwa vidole vyake vipya. Laini. Kama yai lililomenywa.

Hakuuachia. Wala hakupiga kelele. "Mwanangu," alimwambia, "bisara ilikuwa na chumvi kidogo? Ama mafuta hayakutosha?"

Wiam alitaka kukitia wino kiganja kile, na alikitia, na baadaye mahakamani kililingana mstari kwa mstari. Lakini kabla wino haujakauka, Abdennbi alikuwa amekwisha kaa chini akaelekeza kwa kidevu ukuta wa chumba cha kutawadhia. Nyuma ya lipu aliyoipiga mwenyewe, iliyosuguliwa mpaka ukiikaribia unaona sura yako, palikuwa na shimo. Alikuwa akingoja kazi iishe aje siku moja kimyakimya aibomoe lipu. Boujemaa alileta nyundo. Lipu nzuri kama ile, inasikitisha kuivunja. Ndani yake, ndani ya fulana kuukuu, vikatoka chetezo na mrashi, vimefifia kwa vumbi lakini vizima.

"Siku zote hizo umesugua ukuta juu yake," Ba Lahbib alisema, "na ukinisalimia."

"Nilijua watakusamehe wewe," Abdennbi alisema akitazama chini. "Mimi nisingesamehewa."

Ijumaa ilipofika, wazee wa zawiya walisimama baada ya sala mbele ya watu, kama walivyoahidi. Kabati lilikuwa na bawaba mpya, zile zisizochomoka. Mzee mkuu aliomba ufunguo. Ba Lahbib akauvua shingoni polepole, maana mtu huwezi kujua. Mzee akaufungua mlango nao, akatoa mrashi, akaurudisha ufunguo shingoni kwa Ba Lahbib, akamnyunyizia maji ya mawaridi kichwani, mabegani, na kwenye viganja vyote viwili, vikiwa wazi. Wale waliokuwa wameacha nafasi kulia kwake na kushoto kwake ndio walioibana kwanza. Muoka mikate alimbusu kichwa na kumwambia mkate wa leo una anisi, asimwambie mtu.

Walipotoka wote alibaki kufunga. Ghita alikuwa mlangoni anavaa viatu. Jumamosi mashimo yalikuwa yanafunguliwa, ngozi za kwanza zilikuwa zimekwisha lowekwa, zikingoja chokaa na mikono yake.

Akakishika chetezo akirudishe. Alipokiweka rafuni na kusogea nyuma akaliona: kwenye ubavu wa fedha, pale palipokuwa hapajaonekana doa kwa miaka yote kabla ya mashimo kufungwa, gumba lake. Lile jicho dogo katikati, mistari ikija mbio na kukata kona. Akachukua kitambaa. Akakipumulia chetezo, kama anavyofanya siku zote kabla ya kusugua, na mvuke ulipotua mistari ikazidi kuonekana, ikasimama wazi yote, kila kilima, halafu ikaanza kufifia taratibu.

"Lahbib, umelala humo?" Ghita aliita. "Futa twende, mchuzi unapoa!"

"Nafuta," alisema.

Akakipumulia tena, aione mara moja nyingine.